Disketi za Babu na Faili Zinazokataa Kuvuka

Je, msomaji, kwenu kuna sanduku la disketi ambalo hakuna anayethubutu kulitupa wala anayejua la kulifanyia? Kabla halijaenda jalalani, hebu soma kisa hiki.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Kinakomba, kule Tana River, alikuwa nazo kumi na mbili. Miaka ya 1990, akifundisha mjini, aliandika kwa WordStar masimulizi ya wazee wa Kipokomo: koo, mipaka ya mashamba ya kando ya mto, nani alimwachia nani miembe. Nakala za karatasi alizipeleka nyumbani. Mvua za El Nino za 1997 na 1998 zikaja, Mto Tana ukafurika, karatasi zikaenda na maji. Mafuriko yaliporudi mwishoni mwa 2023 na tena 2024, wajukuu wakaanza kuuliza habari za mipaka, na mzee akazikumbuka disketi zake kabatini mjini.

Kijana mmoja wa familia akanunua kisomeo cha disketi cha kuchomeka kwenye USB. Alifanya jambo moja la busara: kila disketi aliisogeza kile kijifuniko cha pembeni hadi tundu likawa wazi, ili kisiandikwe chochote juu yake. Tisa zikasomeka. Akanakili kila kitu kwenye kompyuta yake, kisha akafungua DOSBox, emuleta ya bure inayojifanya kompyuta ya zamani ndani ya ile mpya. Windows ya biti 64, ndiyo iliyo katika kompyuta nyingi leo, haikubali kabisa programu za DOS.

Mashaka yakaanzia hapo. Faili zilikuwapo, emuleta haikuziona!

Ichukulie emuleta kuwa mgeni. Mgeni haingii chumba asichofunguliwa. Ukiandika mount c c:\zamani, umemfungulia folda iitwayo zamani, na kwake hiyo ndiyo dunia nzima. Faili iliyo nje yake haipo. Ukiweka faili mpya humo baada ya kumkaribisha, huenda bado asiione, kwani anakumbuka orodha ya awali. Bonyeza Ctrl pamoja na F4, ataitazama upya.

Majina nayo yana visa vyake. DOS hujua herufi nane, nukta, kisha tatu. "Historia ya ukoo.doc" itageuka HISTOR~1.DOC, na ukiwa na historia tano utachanganyikiwa. Yape majina mafupi mapema.

Na kama disketi umeigeuza faili moja ya picha, ile yenye mkia wa img, amri ni imgmount. Usiifungue kwa emuleta na kwa kompyuta yenyewe wakati mmoja ukaandika kotekote. Utaiharibu, na hapo usimlaumu mtu.

Lakini kilichomtoa kijana jasho ni kingine. Alipoifungua faili ya babu moja kwa moja katika Windows, "shamba" lilikuwa "shambá", "mto" ukawa "mtï", "mwembe" ukawa "mwembå". Akadhani disketi zimeoza. La hasha! Matoleo ya awali ya WordStar yalikuwa na desturi ya kutia alama herufi ya mwisho ya neno kwa kuiongezea 128 kwenye namba yake. Herufi a ni 97. Ongeza 128 upate 225, ambayo Windows huiandika á. Mwingereza angehangaika na karibu alfabeti nzima. Sisi ambao maneno yetu huishia kwa irabu tuna tano tu za kurekebisha: á iwe a, å iwe e, é iwe i, ï iwe o, õ iwe u. Fanya hivyo kwenye nakala, kamwe si kwenye faili asilia. Faili za WordPerfect hazina haja ya taabu hiyo, maana LibreOffice huzifungua.

Kijana alichapisha kurasa za kwanza akampelekea mzee Kinakomba. Mzee alivaa miwani, akasoma majina ya mashamba kwa sauti, akasimama kwenye moja na kuomba kalamu. Alikuwa amekosea mpaka, alisema, tangu wakati ule.

Disketi tatu bado hazijasomeka.