Fizi zinapoharibu meno mazima: maabara humtambuaje bakteria mwenye kosa?

Msikilizaji, jino linaweza kung'oka bila kuoza. Ni jeupe, halina tundu hata moja, lakini linalegea na mwisho linatoka. Mara nyingi chanzo chake ni ugonjwa wa fizi uliofika hadi kwenye mfupa unaolishika jino. Kwa watu wengi ugonjwa huu huja polepole, ukubwani. Ila kuna unaowapata vijana, na huo huenda haraka.

Bakteria wana mkono wao katika ugonjwa huu. Kinywani mwa binadamu zimepatikana aina zipatazo 700 za bakteria, na nyingi hazina madhara. Kazi ni kumjua mharibifu.

Njia ya zamani ni kuwaotesha. Ukoga huchukuliwa chini ya ufizi, huwekwa kwenye kisahani chenye chakula cha bakteria, kisha wataalamu husubiri wazaliane. Lakini wengi wanaojificha chini ya fizi hufa wakipata hewa, na wengine hawaoti kabisa maabara.

Njia mpya haimhitaji bakteria akiwa hai. Inatafuta vinasaba vyake, yaani DNA. Kipimo kinachotumika sana ni PCR, kilekile kilichopima Uviko-19. Mashine hunakili kipande cha DNA kinachotafutwa: kimoja huwa viwili, viwili huwa vinne, hadi mamilioni. Kama kipande hicho hakimo kwenye ukoga, hakuna kinachonakiliwa.

Faida yake ilionekana Moroko. Kuna bakteria aitwaye Aggregatibacter actinomycetemcomitans, mwenye ukoo mmoja uliopewa jina la JP2. Ukimtazama kwa darubini, JP2 ni sawa na ndugu zake. Tofauti imo ndani ya DNA: amepungukiwa na kipande cha herufi 530, na kwa upungufu huo hutoa kwa wingi sumu inayoua chembe nyeupe za damu, askari wa mwili. PCR humtambua kwa sababu kipande kinachonakiliwa hutoka kifupi.

Watafiti waliwafuatilia vijana wa shule mjini Rabat kwa miaka 2, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Kati ya vijana ambao fizi zao zilikuwa nzima mwanzoni, waliobeba JP2 pekee, bila ndugu zake, walikuwa na hatari ya kuugua mara 18 kuliko wasio na bakteria huyo kabisa. Waliobeba ndugu zake tu, hatari ilikuwa mara 3.

Je, nawe unahitaji kipimo hiki? Kwa kawaida hapana. Daktari wa meno huujua ugonjwa kwa kupima kina cha nafasi kati ya jino na ufizi, na kwa picha ya eksirei. Tena, kukuta DNA ya bakteria si sawa na kuwa mgonjwa. Huenda bakteria mwenyewe ameshakufa.

Cha kuangalia ni dalili: fizi kutoa damu unapopiga mswaki, kuvimba, kurudi nyuma, au jino kucheza. Usinunue dawa za kuua bakteria dukani kwa kubahatisha. Haziondoi ukoga uliogandamana. Huo husafishwa kliniki. Nyumbani, piga mswaki mara 2 kwa siku, hadi pale ufizi unapokutana na jino. Na kijana akilegea jino bila kuanguka wala kugongwa, mpeleke hospitali mapema pamoja na ndugu zake, kwani ugonjwa huu wa vijana huandama familia. Mfupa ukishaliwa, ni vigumu kuurudisha.