Vibanio vya Ekseli ya Mbele ya Lori

Leo nataka kuwaeleza habari za vyuma vinne ambavyo abiria wa lori hawavioni, na hata madereva wengi huvisahau mpaka siku ya hatari. Navyo ni vile vilivyokunjwa mfano wa herufi U, viwili kila upande, vinavyoifunga ekseli ya mbele kwenye springi zake. Mafundi huviita yubolti.

Springi ya lori ni mabapa marefu ya chuma cha pua yaliyopangwa moja juu ya jingine. Katikati hupita bolti moja nyembamba, ambayo kichwa chake huingia katika tundu la kikalio cha ekseli. Watu wengi hudhani kwamba bolti hiyo ndiyo iishikayo ekseli. Sivyo, kazi yake ni kuonyesha mahali tu. Fikirini mzigo wa kuni. Kinachoushika ni kamba iliyokazwa, maana kuni zikibanwa sana haziwezi kutelezana. Kamba ikilegea, hata ukichomeka kijiti katikati, kijiti kitavunjika na kuni zitamwagika. Basi yubolti ndizo kamba, na bolti ya katikati ndiyo kijiti.

Nati za yubolti zikilegea, kila mara dereva akanyagapo breki gurudumu husukumwa nyuma, na ekseli husogea kiasi cha unywele juu ya kikalio chake. Tena mchezo huzaa mchezo, kama jembe lililolegea mpinini: kadiri ulimavyo nalo ndivyo linavyozidi kucheza. Mwisho bolti ya katikati hukatwa, na upande mmoja wa ekseli hurudi nyuma. Lori huanza kuvuta upande huo, na dereva hushindana na usukani. Jambo hili likitokea mteremkoni, lori limejaa watu na magunia, ustadi wa dereva hauwezi kutosha.

Lakini si kila lori livutalo upande mmoja lina ugonjwa huu. Kwanza pima upepo wa magurudumu, kisha tazama kama breki ya upande mmoja inashika kuliko ya pili. Hayo yakiwa sawa, ingia chini utazame vibanio. Vumbi jekundu la kutu likitoka kwenye maungio, au chuma kikiwa kimesuguliwa hata kung'aa mahali palipopaswa kutulia, ujue pana mchezo. Weka kidole penye ukingo wa nati na bamba lake, kisha gonga kwa nyundo ndogo; nati iliyolegea utaisikia ikitikisika kidoleni. Bapa la springi lililokatika palepale penye tundu la katikati nalo ni shahidi mkubwa, kwa kuwa pahali hapo hapapaswi kupinda kama pamebanwa vema.

Kipimo nikipendacho zaidi ni cha uzi, maana hakihitaji fedha. Nyosha magurudumu. Shika uzi kutoka pini ya mbele ya springi, isiyocheza, hata katikati ya ekseli, ufunge fundo. Halafu upeleke uzi huohuo upande wa pili. Fundo lisipofika mahali pale pale, ekseli imehama, na kukaza nati tu hakutafaa kitu.

Kubadilisha ni kazi ya fundi, naye afanye upande mmoja kwanza, mahali tambarare na pagumu, magurudumu ya nyuma yametiwa vigogo. Chesisi ikalie stendi imara. Jeki peke yake isiaminiwe na mtu aliye chini ya gari. Abadilishe bolti ya katikati ikiwa imelika, asugue kutu, rangi na matope kwenye kikalio mpaka chuma kikutane na chuma.

Yubolti za zamani zisirudishwe. Bolti iliyokazwa huwa imevutika kidogo kama springi, na kule kutaka kujirudi ndiko kunakobana. Iliyovutika kupita kiasi haijirudi tena. Wala usikubali nondo ya kujengea iliyokunjwa motoni, hata ikiwa ni rahisi namna gani, kwani chuma chake si cha kazi hiyo. Mpya ziwe na unene, urefu na meno yale yale. Nati zikazwe kidogo kidogo kwa kupishana pembe, na kukaza kwa mwisho kufanywe uzito wa lori ukiwa umerudi juu ya springi, kwa spana yenye kipimo, kwa kadiri iliyoandikwa katika kitabu cha gari hilo.

Baada ya safari za kwanza zenye mzigo, nati zipimwe tena, kwa sababu mabapa hujipanga na masalio ya rangi husagika. Wako madereva wapigao mstari wa rangi kutoka kwenye nati hata kwenye bamba, ili waone kama nati imezunguka. Ni desturi njema, ila mstari uliobaki mzima hausemi kwamba mabapa hayakujipanga. Spana bado ipite.