Ziwa Lililomo Kitabuni



Askari anayekagua nyavu katika mwalo wa Ggaba anaijua sheria anayoilinda. Mwaka 2017 jeshi la Uganda nalo liliingia katika kazi hiyo ya kuzuia uvuvi haramu. Lakini ziwa analolilinda silo lile walilovua babu zake, na hilo halikuandikwa katika sheria. Limeandikwa katika hadithi.

Ggaba kuna mitambo inayovuta maji ya kunywa ya Kampala. Katika ghuba hiyo hiyo mfereji wa Nakivubo humwaga maji machafu ya mji, na kinamasi kilichokuwa kikiyachuja kimelimwa na kujengwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 yakaja magugu maji, yakatanda pwani. Kabla ya hapo, sangara, ambaye Waganda humwita mputa, alikwisha pandwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960. Akawala enkejje, vijisamaki vilivyokaushwa kwa kitoweo na kwa dawa ya watoto. Sangara huyo huyo, tuseme kweli, ndiye aliyeleta viwanda vya minofu na fedha za kigeni. Kumlaani si rahisi.

Sasa, ng'ambo ya pili ya ziwa hilo, katika kisiwa cha Ukerewe, Tanzania, aliishi Aniceti Kitereza. Kufikia mwaka 1945, yaani kabla ya sangara, alikuwa amemaliza kuandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke waliotamani mtoto. Hakukusudia kuonya mtu juu ya mazingira. Alihofu tu kwamba vijana wangesahau maisha ya wazee wao, kwa hiyo akaeleza kwa subira uvuvi, kilimo na miti ya dawa. Kwa maoni yetu, hapo ndipo anapowashinda waandishi wanaohubiri: msomaji wa leo hupata kitu cha kulinganisha na kile anachokiona pwani. Anayelijua ziwa la sasa peke yake huweza kudhani kwamba ndivyo lilivyokuwa siku zote.

Mswada huo haukupata mchapaji kwa miaka mingi. Mzee Kitereza aliutafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu kikatolewa Dar es Salaam mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki dunia. Katika miaka hiyo hiyo, huko ziwani, aina nyingi za enkejje zilikuwa zikitoweka.