Haipothairoidi na uzito wa mwili

Haipothairoidi ni hali ambamo tezi dundumio (huitwa pia tezi ya thairoidi), iliyoko mbele ya shingo, inatoa homoni chache kuliko mwili unavyohitaji. Homoni hizo huongoza kasi ambayo mwili hutumia nishati. Zinapopungua, karibu kila kiungo hufanya kazi polepole na uzito huweza kuongezeka. Hali hii hutibiwa kwa kidonge kimoja kwa siku, na kwa wagonjwa wengi tiba ni ya maisha yote.

Sababu

Duniani kote, sababu kubwa mahali penye madini joto ya kutosha ni ugonjwa wa Hashimoto, ambapo kinga ya mwili hushambulia tezi yenyewe. Umepewa jina la daktari Mjapani Hakaru Hashimoto aliyeueleza mwaka 1912. Sababu nyingine ni upasuaji wa tezi, tiba ya mionzi, baadhi ya dawa na ukosefu wa madini joto.

Nchini Tanzania ukosefu wa madini joto ulisababisha rovu kwa watu wengi, hasa katika nyanda za juu zilizo mbali na bahari. Katika miaka ya 1990 serikali iliagiza chumvi ya kula itiwe madini hayo, na tatizo likapungua sana. Hata hivyo, chumvi hiyo huzuia upungufu tu. Haiponyi tezi iliyokwisha kuharibiwa na Hashimoto.

Dalili na utambuzi

Dalili huja taratibu: uchovu, kuhisi baridi, ngozi kavu, choo kigumu, sauti nzito, uso kuvimba, usahaulifu, huzuni, na hedhi nyingi kwa wanawake. Kwa kuwa uchovu na maumivu ya mwili hufanana na dalili za malaria au upungufu wa damu, mgonjwa anaweza kutibiwa mara kadhaa bila chanzo kujulikana. Kunenepa nako mara nyingi huchukuliwa kuwa ishara ya maisha mazuri, hivyo hakumshtui mtu.

Utambuzi hufanywa kwa kupima damu. Kipimo kikuu ni TSH, homoni ambayo ubongo hutuma kuihimiza tezi ifanye kazi. Tezi ikilegea, TSH hupanda. Kwa watu wazima kiwango cha kawaida ni takriban 0.4 hadi 4.0, ingawa maabara hutofautiana kidogo. Mkazi wa Bugarama, kata ya halmashauri ya Msalala mkoani Shinyanga jirani na mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu, anaweza kuanzia zahanati au kituo cha afya, kisha akapewa rufaa kwenda hospitali kubwa zaidi. Hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa ni Bugando, jijini Mwanza.

Matibabu

Mwaka 1891 daktari Mwingereza George Murray alimtibu mgonjwa kwa maji yaliyotolewa katika tezi ya kondoo, na mgonjwa huyo aliishi miaka mingi baadaye. Leo hutumika levothairoksini, homoni iliyotengenezwa kiwandani na inayofanana na ile ya mwili.

Mtu mzima asiye na ugonjwa wa moyo huhitaji takriban maikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mwenye kilo 60 huhitaji karibu maikrogramu 100. Wazee na wenye ugonjwa wa moyo huanza na kipimo kidogo. TSH hupimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8, kwa kuwa dawa huchukua muda kufikia kiwango chake mwilini.

Kidonge humezwa kwa maji, tumbo likiwa tupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya chai ya asubuhi. Maziwa, kahawa na uji wenye soya hupunguza kiasi kinachoingia mwilini. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalsiamu vitenganishwe nacho kwa saa 4. Anayefanya kazi kwa zamu, kama ilivyo migodini, anaweza kukubaliana na daktari akimeze kabla ya kulala, angalau saa 3 baada ya chakula, mradi saa hiyo isibadilike ovyo. Dawa ihifadhiwe mbali na joto, mwanga na unyevu.

Uzito

Wagonjwa wengi hutarajia kwamba wakianza dawa watapungua haraka. Kwa kawaida uzito unaotokana na haipothairoidi yenyewe ni kilo 2 hadi 5, na sehemu kubwa yake ni chumvi na maji yaliyobaki mwilini, si mafuta. Huo ndio unaoweza kuondoka TSH inaporudi sawa. Uzito unaozidi hapo huwa na sababu nyingine, na hupunguzwa kama kwa mtu yeyote.

Hakuna chakula maalumu cha kutibu hali hii. Husaidia kupunguza soda, sukari kwenye chai na vyakula vya kukaangwa. Kupunguza tonge la ugali na kuongeza mboga, maharage na samaki. Na kutembea kila siku uchovu unapopungua. Muhogo una kemikali inayoweza kuzuia tezi kutumia madini joto, lakini madhara hayo huonekana hasa pale madini hayo yanapokosekana. Anayetumia chumvi yenye madini joto na kumeza dawa yake hana haja ya kuacha ugali wa udaga uliotayarishwa vizuri.

Kuongeza dawa ili kukonda ni hatari. Homoni ikizidi, moyo huenda mbio au kupiga bila mpangilio, mikono hutetemeka, usingizi hupotea na mifupa hudhoofika.

Kuacha dawa na ujauzito

Kosa lingine ni kuacha dawa baada ya kupata nafuu. Levothairoksini hudumu mwilini kwa muda, hivyo mgonjwa anaweza kujiona mzima kwa siku kadhaa, kisha dalili zikarudi polepole. Haipothairoidi isiyotibiwa huongeza kolesteroli, huathiri moyo na, mara chache, husababisha kupoteza fahamu.

Mwanamke anayetumia dawa hii na kupata mimba anapaswa kuonana na mhudumu wa afya mapema, kwa kuwa mahitaji ya homoni huongezeka, na katika miezi ya mwanzo ubongo wa mtoto hutegemea homoni za mama. Vidonge vya kuongeza damu vinavyotolewa kliniki aendelee navyo, ila asivimeze pamoja na levothairoksini.