Bima ya Mkopo wa Nyumba: Je, Aliyewahi Kuugua Anaweza Kuipata?

Watu wengi wanaoomba mkopo wa kununua au kujenga nyumba huulizwa na benki swali ambalo hawakulitarajia: bima ya maisha iko wapi? Kwa mwenye afya njema, hiyo ni kazi ya kujaza fomu na kutia sahihi tu. Lakini kwa aliyewahi kuugua kifua kikuu, kisukari, presha, saratani au moyo, fomu hiyo huleta hofu. Wengine huacha mpango wa nyumba hapo hapo. Wengine huamua kudanganya. Njia zote mbili zina hasara, na mara nyingi hazikuwa na haja.

Bima hii ni ya nini?

Nyumba ya mkopo huwekwa rehani. Hati ya ardhi hukaa na benki mpaka deni liishe, na hiyo yaweza kuwa miaka 15 au hata 20. Mwenye mkopo akifariki katikati, deni halifi pamoja naye. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inaitaka benki itoe notisi ya muda usiopungua miezi 3 ili deni lilipwe, kisha notisi nyingine isiyopungua siku 40 kabla ya kuuza. Huo ni muda wa kupumua, si msamaha. Muda huo ukiisha bila malipo, nyumba huenda kwa mnada, na mjane na watoto wanaanza kutafuta chumba cha kupanga.

Bima inazuia hayo. Mwenye mkopo akifariki, kampuni ya bima hulipa benki deni lililobaki, na nyumba inabaki ya jamaa. Mara nyingi kiasi cha bima hupungua mwaka hadi mwaka jinsi deni linavyopungua. Kwa hiyo huwa rahisi kuliko bima ya maisha ya kawaida.

Kampuni inataka kujua nini?

Kampuni haitafuti mtu ambaye hajawahi kuugua. Inapima hatari. Itauliza: Uliugua nini, na lini? Ulitibiwa wapi? Ulimaliza dawa? Hali iko namna gani leo? Mkopo ukiwa mkubwa, au umri ukiwa umesonga, utatumwa kwa daktari akupime presha, damu, mkojo na pengine moyo.

Hapa ndipo kumbukumbu zako zinapokusaidia. Aliyemaliza matibabu ya kifua kikuu na kupewa barua ya kupona hayuko sawa na aliyeacha dawa njiani. Mwenye kisukari anayeweza kuonyesha kipimo cha sukari cha miezi 3, na kwamba haachi kwenda kliniki, atasikilizwa vizuri kuliko asiyejua sukari yake iko wapi. Kwa saratani, jambo kubwa ni aina yake, ilikuwa imeenea kiasi gani, na miaka mingapi imepita tangu matibabu kuisha.

Majibu unayoweza kupata

1. Kukubaliwa kama mtu mwingine yeyote. Hili hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, hasa kama ugonjwa ulikuwa wa zamani na ulipona.

2. Kukubaliwa kwa ada ya juu. Tuseme ada ya kawaida ni shilingi 900 kwa mwezi, na kampuni inaongeza nusu yake. Utalipa 1,350. Ile nyongeza ya 450, kwa miaka 15, inafika shilingi 81,000. Ni pesa, hatukatai. Lakini ilinganishe na deni la milioni 3 ambalo jamaa wangeachiwa.

3. Kukubaliwa, lakini ugonjwa fulani unaachwa nje. Soma hapo kwa makini sana. Kama ni moyo ulioachwa nje, na ni moyo uliokuua, benki haitalipwa kitu na bima hiyo.

4. Kuambiwa ungoje, kwa mfano kwa sababu umefanyiwa upasuaji juzi. Huku si kukataliwa. Uliza ungoje miezi mingapi na urudi na karatasi gani.

5. Kukataliwa. Kampuni moja ikikataa, nyingine yaweza kukubali, kwa maana kila moja ina kipimo chake. Omba sababu kwa maandishi, kisha umwone wakala anayeuza bima za kampuni nyingi. Uliza benki pia kama itakubali bima ya kampuni uliyoitafuta mwenyewe, au bima ya maisha uliyonunua zamani ukiwa mzima.

Usifiche

Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio humfichua. Katika bima, maneno hayo ni ya kweli kabisa. Ukiandika "sijawahi kuugua", ajenti atafurahi, fomu itapita, na ada itakatwa kila mwezi bila swali. Maswali huja siku ya kudai. Kampuni huitisha rekodi za hospitali, na ikigundua ulificha jambo kubwa, yaweza kukataa kulipa. Wakati huo wewe hupo kujieleza. Anayejibu ni mjane au mgane.

Kama ajenti anakuambia "hiyo wacha tu, usiandike", kumbuka kwamba sahihi iliyo chini ni yako. Soma fomu mwenyewe kabla ya kutia sahihi, na ubaki na nakala.

Je, mtu mwenye virusi vya ukimwi?

Kenya ina sheria ya mwaka 2006 ya kuzuia na kudhibiti ukimwi. Inasema mtu asilazimishwe kupimwa virusi au kutaja hali yake kwa sababu tu anataka mkopo au bima. Kampuni ni lazima ziweke kiwango cha bima ambacho chini yake swali hilo halihitaji kujibiwa. Bima ikizidi kiwango hicho, kampuni yaweza kutaka upimwe. Ikionekana una virusi, yaweza kuongeza ada, lakini nyongeza hiyo iwe ya haki. Basi uliza mapema: kiwango chenu ni shilingi ngapi?

Njia ya chama

Vyama vingi vya akiba na mikopo huwawekea wanachama bima ya pamoja. Kwa mikopo isiyozidi kiasi fulani, bima ya namna hii mara nyingi haiulizi maswali mengi ya afya. Hata hivyo, uliza mambo matatu: mwisho wa kiasi ni shilingi ngapi, mwisho wa umri ni miaka mingapi, na magonjwa ya zamani yanahesabiwaje. Waliokudhamini pia wanataka kujua, kwa sababu bila bima deni lako laweza kuwafikia.

Mambo ya kufanya

Omba bima kabla ya kulipa pesa za kwanza kwa muuzaji, ambazo kwa kawaida ni asilimia 10 ya bei. Kama huwezi kungoja, mwambie wakili aandike katika mkataba kwamba bima au mkopo ukikataliwa utarudishiwa pesa zako.

Kusanya kadi za kliniki, barua za kuruhusiwa kutoka hospitali na majibu ya vipimo, na uviweke katika faili moja.

Uliza kama ada inalipwa kila mwaka au imeongezwa ndani ya mkopo. Ikiwa ndani ya mkopo, unailipia riba.

Ukiona umetendewa isivyo haki, andikia kampuni kwanza. Isipokujibu vizuri, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Kusimamia Bima, ile iitwayo IRA, jijini Nairobi.

Mwisho, mwonyeshe mwenzako mahali hati ya bima ilipo, na umtajie jina la kampuni. Bima ambayo jamaa hawaijui ni vigumu kudaiwa, na benki ikileta notisi watakosa la kujibu.