Uzamili wa Kiingereza Marekani: masharti ya kuhitimu

Wazungumzaji wa Kiswahili wanaotaka kusomea shahada ya uzamili ya Kiingereza nchini Marekani hushughulishwa zaidi na masharti ya kuingia chuoni. Hata hivyo, masharti ya kuhitimu ndiyo yanayoamua watasoma kwa muda gani, watalipa kiasi gani na shahada hiyo itawafikisha wapi.

Masharti hayo hayapangwi na serikali kuu. Kila chuo kikuu, na mara nyingi kila idara, hujiwekea yake. Lakini misingi hufanana.

Hesabu ya krediti

Masomo hupimwa kwa krediti. Somo moja la muhula kwa kawaida huwa na krediti 3, na idara nyingi hudai krediti 30 hadi 36, yaani masomo 10 hadi 12. Anayesoma masomo matatu kila muhula humaliza kwa takriban miaka miwili.

Nchini Uingereza shahada ya uzamili huwa na krediti 180, na mwanafunzi anayesoma muda wote kwa kawaida humaliza kwa mwaka mmoja. Krediti za nchi hizo mbili hazilingani, kwa hiyo tarakimu pekee zisimpotoshe msomaji.

Wastani wa alama unaotakiwa Marekani kwa kawaida ni 3.0 kati ya 4.0, sawa na daraja la B. Anayeshuka chini ya hapo hupewa onyo, na akishindwa kujirekebisha anaweza kuondolewa.

Aidha, mwanafunzi hachagui masomo yote apendavyo. Idara nyingi hudai somo la mbinu za utafiti au nadharia ya fasihi, pamoja na masomo ya vipindi mbalimbali vya historia. Aliyevutiwa na riwaya za Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2021, huenda akalazimika kusoma pia Kiingereza cha Kati cha enzi za Chaucer.

Tasnifu au mtihani

Njia kuu za kumalizia ni mbili. Ya kwanza ni kuandika tasnifu chini ya msimamizi na kuitetea mbele ya jopo la wahadhiri. Ya pili ni kuongeza masomo na kufanya mtihani wa jumla, ambao maswali yake hutoka katika orodha ndefu ya vitabu.

Tasnifu humfaa anayekusudia kuendelea na uzamivu, kwani humpa ushahidi wa utafiti wake mwenyewe. Hatari yake ni kuchelewa, na kila muhula unaoongezeka huwa na gharama zake. Mtihani una tarehe maalumu, lakini hauachi andiko la kuonyesha.

Lugha nyingine

Baadhi ya idara humtaka mwanafunzi athibitishe kwamba anaweza kusoma lugha nyingine isiyo Kiingereza. Kwa desturi zilizotajwa ni Kifaransa, Kijerumani na Kilatini. Mzungumzaji wa Kiswahili anapaswa kuuliza mapema, kwa maandishi, iwapo lugha yake itakubaliwa. Jibu la ndiyo linaweza kumwokolea miezi ya masomo.

Viza na kazi

Mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1 hutakiwa kusoma muda wote, na vyuo vingi huhesabu krediti 9 kwa muhula kuwa kiwango hicho katika uzamili. Kuacha somo moja bila idhini ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni kunaweza kumpotezea haki ya kukaa nchini.

Baadhi ya idara hutoa nafasi za kufundisha madarasa ya uandishi ya mwaka wa kwanza, kwa malipo ya posho na msamaha wa ada. Nyingine huwawekea wanafunzi wa uzamivu nafasi hizo.

Ieleweke pia kwamba shahada hii peke yake haimpi mtu leseni ya kufundisha katika shule za umma. Leseni hutolewa na kila jimbo kwa masharti yake.

Kabla ya kukubali nafasi, ni vyema mwombaji aulize mambo manne: idadi ya krediti, njia ya kumalizia, sharti la lugha, na ukomo wa miaka ya kumaliza. Majibu hayo ndiyo yatakayomwonyesha gharama halisi ya shahada.