Conques, Kijiji Kilichotunza Amana

Msafiri atokaye mji wa Rodez, kusini mwa Ufaransa, hupita nyanda za malisho kwa mwendo wa yapata kilomita 40, asishuku kwamba mbele yake pana makorongo, mpaka njia inapoanza kuteremka kwa mizunguko katika bonde la mto Dourdou, na hapo, ubavuni mwa kilima chenye msitu, huiona minara mitatu ya kanisa kubwa kupita kiasi, imezungukwa na nyumba za mawe na mbao zilizoezekwa kwa vipande vyembamba vya jiwe la kijivu. Hicho ndicho kijiji cha Conques. Wakazi wake hawafiki mia tatu, lakini kwa karne nyingi kimekuwa kituo cha mahujaji waendao kwa miguu kutoka Le Puy hadi Santiago de Compostela katika nchi ya Uhispania.

Asili ya abasia yake ni mtawa mpweke aitwaye Dadon, aliyeingia bonde hilo mwishoni mwa karne ya 8 ili amwabudu Mungu mbali na fitina za dunia, na waliomfuata wakashika kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ile ile inayofuatwa leo na watawa wa Peramiho na Ndanda. Lakini katika zama zile abasia isiyo na mabaki ya mtakatifu haikupata mahujaji, na isiyopata mahujaji haikupata mali. Basi inasimuliwa kwamba mtawa mmoja wa Conques alikwenda Agen, akaishi miaka mingi miongoni mwa watunzaji wa kaburi la Sainte Foy, binti mdogo aliyeuawa enzi ya Warumi kwa kukataa kuikana dini yake, hata walipomwamini kabisa na kumkabidhi ulinzi wa kaburi lenyewe, akaichukua mifupa na kurudi nayo kwao mwaka 866. Siwezi kuusifu wizi huo, ingawa watu wa wakati ule waliamini kwamba mtakatifu asiyeridhia kuhamishwa hahamishiki.

Ikafanywa sanamu ya binti aliyeketi kitini, urefu wake wapata sentimita 85, ndani mti na nje dhahabu, imesheheni johari na fususi zilizochongwa tangu enzi za kale, kila kizazi kikiongeza tunu yake. Bernard wa Angers, mwanachuoni aliyefika huko mwaka 1013, hapo awali aliidharau kuwa ni masalia ya ibada ya masanamu. Kisha moyo wake ukageuka, akaandika habari za miujiza ya binti huyo, hususan ya kuwafungua mahabusu. Yasemekana kwamba minyororo waliyoileta kwa shukrani ndiyo iliyofuliwa ikawa uzio wa chuma uliozunguka madhabahu hata leo.

Lakini mgeni asiiharakie dhahabu. Kwanza asimame mbele ya mlango wa magharibi, ainue macho, alitazame jiwe la nusu duara ambalo mafundi wa mwanzo wa karne ya 12 walichonga juu yake Siku ya Hukumu, watu na malaika na mashetani 124, na baadhi yao wangali na mabaki ya rangi. Kristo ameketi katikati, mkono mmoja ameuinua na mwingine ameushusha. Chini yake malaika Mikaeli na shetani wamekabiliana kwenye mizani ya amali, na shetani anajaribu kuipotosha. Upande wa wateule wote wametulia, na miongoni mwao mfalme Charlemagne, mfadhili wa abasia, anakuja akiongozwa kwa mkono. Upande wa jahanamu ni ghasia tupu: mpanda farasi aliyetakabari anaporomoka kichwa chini, bahili amening'inizwa na mfuko wa fedha shingoni, mghushi wa sarafu anapata malipo yake. Hakimu wa kuogofya namna hii huwa hatishi sana anapowahukumu matajiri mbele ya maskini, na nadhani mahujaji wa siku hizo, wengi wao mafukara, waliondoka mlangoni hapo na faraja kuliko hofu.

Nami, mtu wa mwambao, sikuweza kulitazama jiwe hilo bila ya kukumbuka kwamba abate Bégon wa Tatu, aliyewajengea watawa ua wao wa ndani, utawala wake ulikoma mwaka 1107, na mwaka huo huo umeandikwa kwa hati ya Kufi katika mihirabu ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja. Mafundi wasiojuana, wa dini mbili na bahari mbili, walikuwa wakati mmoja wameinama na patasi zao juu ya jiwe kwa ajili ya Mola.

Hata hivyo, linalonifanya nikiheshimu kijiji hiki kuliko adhama ya mawe yake ni walilotenda watu wake wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa. Serikali mpya ilipozitwaa mali za makanisa, na vyombo vya dhahabu na fedha vikawa vinayeyushwa nchi nzima, wanakijiji waliitwaa hazina ya abasia kabla haijachukuliwa, wakaigawana, si kwa kujitajirisha bali kwa kuificha, huyu nyumbani mwake, yule bustanini, na misukosuko ilipotulia wakairudisha. Msomaji na ayafikiri hayo: mkulima asiye na akiba, mwenye watoto wa kulisha katika miaka ya njaa na vita, alale juu ya johari ambayo moja tu ingemnunulia shamba, asiiguse. Hazina iliyoanza kwa amana kuvunjwa iliokolewa kwa amana kutunzwa, na ndiyo sababu Conques ni miongoni mwa mahali pachache Ufaransa palipobaki na dhahabu yake ya zama za kati.

Majengo hayakuwa na bahati hiyo. Prosper Mérimée, mkaguzi wa majengo ya kale, alipofika mwaka 1837 aliukuta ua wa watawa umekwisha kubomolewa kwa sehemu kubwa na kanisa limo hatarini. Taarifa yake ndiyo iliyoleta matengenezo. Mwaka 1873 wakaja watawa wa shirika la Prémontré, ambao wapo hadi leo.

Kazi ya mwisho iliyo kubwa ni ya Pierre Soulages, mchoraji mzaliwa wa Rodez aliyefariki mwaka 2022 akiwa na umri wa miaka 102. Aliliona kanisa hili akiwa mvulana, na humo ndimo alimoazimia kuyatoa maisha yake kwa sanaa. Alipokabidhiwa madirisha yake 104, kazi iliyomchukua tangu mwaka 1987 hadi 1994, hakuchora watakatifu wala maua, bali alitengenezesha kioo kisicho rangi, kipitishacho nuru na kuyasitiri ya nje, chenye mistari myeusi ya risasi. Wapo waliomlaumu. Mimi naona alistahi, kwa maana kuta zile hazikuhitaji pambo, zilihitaji nuru, nayo hubadilika humo saa kwa saa jinsi jua linavyokwenda.

Basi msomaji utakayejaaliwa kufika Ufaransa, usitosheke na Paris; fika Rodez, uteremke bonde la Dourdou, na ulale Conques usiku mmoja. Wengi huja mchana na kuondoka jua likipungua, ilhali baada ya sala ya usiku mtawa mmoja hutoka mlangoni kuwafafanulia wageni jiwe lile, sura kwa sura, kisha kinanda hupigwa ndani ya kanisa.